Kopo la dawa za Koko

Kwetu Majengo, hapa Goma, nyumba nyingi ni za mbao. Zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, zimeezekwa mabati, na kati ya ubao na ubao hupita upepo, vumbi na maneno ya jirani. Mchana jua likiwaka juu ya bati, ukipitisha mkono juu ya kabati unahisi joto la jiko lililotoka kuzimwa. Usiku baridi inashuka, na msimu wa mvua hata godoro linaamka na unyevu. Naanza na nyumba kwa sababu kila pakiti ya dawa inasema weka mahali pakavu, pasipo joto, mbali na watoto, na mimi kwa miaka niliyasoma maneno hayo kana kwamba yameandikiwa watu wengine. Tuna vyumba viwili na watoto wanne. Mbali na watoto ni wapi?

Koko, yaani mama wa mume wangu, tunaishi naye tangu 2017. Ana presha, ana na sukari. Kila asubuhi alikuwa anameza kinini tatu, ndivyo tunavyoita vidonge vya dawa yoyote, na zote tatu zilikuwa nyeupe. Shule hakuiona, kwa hiyo alizijua kwa vidole: ndefu yenye mkato katikati ni ya sukari, duara ndogo ni ya presha, duara pana ni ile ya kumfanya akojoe maji ili presha ishuke. Hata gizani hakosei. Nalisema hili mapema, maana mambo yalipoharibika wapo waliomnyooshea yeye kidole, na aliyeharibu ni mimi.

Niliharibu Mei 2021. Jumamosi tarehe 22 jioni volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, mbingu ikawa nyekundu, tukakimbia na tulichoweza kushika. Lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kesho yake tulirudi tukidhani yamekwisha, kumbe ardhi ndiyo kwanza inaanza kutetemeka, mchana na usiku, mpaka watoto wakawa wanalala na viatu. Katika mtetemeko mmojawapo rafu yangu ya dawa ilianguka, na chupa ya siro ya kikohozi ikapasukia juu ya pakiti zote. Alhamisi tarehe 27 likatoka tangazo: kata 10 kati ya 18 za mji zihame. Majengo ilikuwamo.

Hebu mnione nilivyokuwa: nimechuchumaa sakafuni, nje watu wanapita mbio kuelekea barabara ya Sake, na mkononi nina pakiti zinazonata siro. Nikafanya nilichoona ni akili. Nilibonyeza kinini moja moja zikatoka kwenye karatasi zake, nikazifuta na ncha ya kitenge, nikazitia zote ndani ya kopo la maziwa ya unga: za Koko, za kichwa za mume wangu, za malaria zilizokuwa zimebaki. Karatasi nikaziacha palepale. Kopo lilikuwa jepesi, kifuniko chake kinabana, lilikaa vizuri kati ya nepi na sahani.

Sake tulilala darasani na familia nyingine saba. Kila asubuhi Koko aliingiza mkono koponi, akapapasa, akatoa zake tatu. Mwanzoni mwa Juni tulirudi nyumbani, rafu ikapigiliwa upya, na kopo likapanda juu yake. Sikuzirudisha dawa mahali pake, na zingerudi wapi? Karatasi zilishatupwa. Dawa mpya za mwezi uliofuata nilizibonyezea humohumo, kwa sababu Koko alishazoea.

Kuna jambo la pili ninalolijutia kuliko kopo. Kitindamimba wangu alikuwa na miaka miwili na kidogo, na alikuwa mgumu wa dawa. Akiugua malaria nilimwambia, "Njoo mwanangu, njoo ule bombo," yaani peremende. Na dawa za watoto siku hizi kweli zina utamu, ile ya malaria ya kuyeyusha majini wameitia ladha ya matunda ili watoto wasiitapike. Akameza, akacheka, akaomba nyingine. Basi mtoto akajua moyoni mwake kwamba kitu kidogo cheupe cha duara ni bombo, mama ndiye aliyesema.

Jumapili moja ya Agosti Koko alikwenda misa ya kwanza. Anapokea komunyo, kwa hiyo hali kitu asubuhi, na dawa ya sukari haimezwi na tumbo tupu. Alifunga kinini zake tatu kwenye ncha ya kitenge, fundo moja na sadaka yake, azimeze akirudi. Mama zetu wote wanafunga hivyo, fedha, ufunguo, dawa, kila cha thamani kiko kwenye fundo. Aliporudi kulikuwa na wageni. Akavua kitenge cha juu, akakiweka kitandani, akatoka kuwasalimu.

Nilimkuta mtoto ameketi kwenye mkeka, fundo limefunguliwa, noti ya franga iko pembeni imeloa mate. Kinini moja ilikuwa sakafuni, nayo imelowa. Mdomoni hamna kitu. Nikamuuliza, "Umekula nini?" Akaniambia bombo.

Nikapiga kelele na nyumba ikajaa. Mmoja akaja na mawese kwenye kikombe, mwingine na maziwa, mwingine akasema mtie kidole kooni atapike. Wote walikuwa na huruma, na wote walikuwa wakifanya walichofanyiwa wao utotoni. Leo najua mawese hayaondoi sumu, na mtoto anayesinzia ukimlazimisha kutapika anaweza kuyavuta matapishi mapafuni. Siku ile nilikuwa tayari kumnywesha hata majivu. Wakati wanabishana, mtoto alianza kulegea. Jasho lilimtoka kipajini, jasho baridi, na mikono ikawa inatetemeka kidogo kama ya mzee.

Aliyeokoa hali ni mzee wa ng'ambo ya ua, ambaye yeye mwenyewe anajidunga insulini. Alimwangalia mtoto akasema, "Mama, hilo jasho nalijua. Sukari yake imeshuka. Bado yuko macho, bado anameza, mpe sukari sasa hivi, halafu mkimbie." Akakoroga vijiko vya sukari kwenye maji, tukamnywesha kidogokidogo, tukapanda pikipiki. Mzee alinifuata mpaka barabarani akisema, "Akilala usimtie kitu mdomoni, unasikia? Akilala usimtie kitu."

Hospitalini daktari aliuliza maswali matatu. Amekula dawa gani? Ngapi? Saa ngapi? Sikuwa na jibu hata la moja. Nilikuwa nimebeba kopo kifuani kama mtu aliyebeba ushahidi, nikampa. Alilimimina juu ya karatasi nyeupe. Nataka mwone kile nilichokiona: kilima kidogo cha kinini, karibu zote nyeupe, nyingine zimevunjika nusu, na juu ya zote kuna unga uliotokana na kusuguana miezi miwili. Herufi zilizochongwa juu yake zilikuwa zimefutika. Ikatoka harufu ya siki, na daktari akasema hiyo ni aspirini iliyoingiwa na unyevu, ikiharibika ndivyo inavyonuka. Akazisukuma kwa kalamu huku na huku, akainua macho.

"Mama, hizi hazina majina."

Hakunigombeza, ila sentensi hiyo bado inaniamsha usiku.

Muuguzi alishamdunga mtoto kidole, kipimo cha sukari kikasoma 38, kwa miligramu katika desilita. Mtoto wa umri huo akiwa chini ya 70 tayari ni jambo la kushughulikia. Wakamwekea serumu ya glukozi mshipani. Lakini daktari alitaka kujua kinini ya pili ilikuwa ipi, maana dawa ya presha inaweza kumwangusha mtoto kwa njia nyingine kabisa, na saa nyingi baadaye. "Mwenye dawa yuko wapi?" Tukapiga simu, motari, yaani dereva wa pikipiki, akamleta Koko. Aliingia bado amevaa kitenge cha kanisani, na ndani ya kiganja ameshika ile kinini iliyookotwa mkekani. Daktari alimwuliza kwa upole, "Koko, hii ni ipi?" Koko akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, ilikuwa imeanza kuyeyuka, akasema, "Hii ni ya maji. Aliyokula ni ya sukari na ya presha."

Vile vidole ndivyo vilivyokuwa lebo pekee ya dawa zote za nyumba yangu, na vingekuwa vimekwenda safari siku ile, tungefanyaje?

Ile ya sukari inaitwa glibenklamidi. Daktari alinieleza kwamba inaisukuma kongosho imwage insulini, na mwili mdogo hauna akiba ya kupambana nayo. Kinini moja tu inatosha kumfikisha mtoto wa miaka miwili kwenye degedege. Tena sukari inaweza kupanda kwa serumu, mama akafurahi, ikashuka upya usiku. Ndivyo ilivyokuwa. Saa 8 usiku kipimo kikarudi chini, wakaongeza serumu. Presha nayo waliipima usiku kucha. Kesho yake jioni ndipo tuliporuhusiwa kutoka, na mtoto akadai bombo njiani. Nililia mpaka motari akasimamisha pikipiki akadhani nimeumia.

Wiki ile nilirudi kituo cha afya cha karibu na kwetu, nikamwomba muuguzi anifundishe kutunza dawa kama mtu asiyejua kitu. Alikuja mpaka nyumbani. Akapitisha mkono juu ya rafu, akagusa bati, akanusa ukuta. Tulichagua pembe ya chumba chetu, upande usiopigwa na jua la mchana wala mvua ya upepo, mbali na jiko na mvuke wake. Dawa nyingi zinavumilia mpaka nyuzi 30, na Goma hii ya mita 1,500 juu ya bahari haina joto hilo isipokuwa pale tunapolitengeneza wenyewe, chini ya bati na kando ya makaa. Adui yetu mkubwa ni unyevu. Pakiti ya chumvi za kunywesha mtoto anayeharisha, ikiwa imegeuka jiwe ndani ya karatasi yake, ilikwisha kuingiwa.

Fundi akanitengenezea sanduku la mbao lenye kufuli, nikalitundika juu kuliko urefu wangu. Na hapa nilimwambia fundi jambo ambalo vitabu haviliandiki: litiwe kamba ya kuvaa begani, na litoke kwenye misumari kwa mkono mmoja. Anayeishi chini ya Nyiragongo hawezi kuwa na sanduku lisilokimbia naye. Kama lingekuwapo Mei ile, nisingebonyeza dawa hata moja.

Koko alikasirika. Siku tatu hakusema nami zaidi ya salamu. Siku ya nne akasema mbele ya mwanawe, "Dawa zangu zimefungiwa kama mimi ndiye mwizi wa nyumba hii." Nilipiga magoti. Nilimwambia Koko, kosa ni langu, na ufunguo nataka ukae kwako. Aliunyamazia kwa muda, kisha akautunga kwenye rozari yake. Uko shingoni mwake mpaka leo. Hakuna mtoto anayethubutu kuigusa rozari ya Koko, na hakuna mtu mzima anayefungua sanduku bila yeye kujua. Sidhani kuna mahali salama zaidi Majengo yote.

Sasa kinini hazitoki kwenye karatasi zake mpaka dakika ya kumezwa. Ili Koko azijue, tulizifunga pakiti nyuzi: ya sukari fundo moja, ya presha mafundo mawili, ya maji haina uzi. Akapapasa, akatabasamu, akasema hii ni akili. Kwenda misa anabeba kipande kimoja cha karatasi chenye kinini ndani, na hata kikianguka kina kitu cha kusema.

Kuhusu hivyo vipande, naomba nieleze kwa utaratibu kwa sababu ni kitu kidogo na wengi hatukioni. Kwetu farmasi huuza kinini kwa kuhesabu. Muuzaji anachukua mkasi, anakata nne, sita, kumi, anakutilia kwenye mfuko mdogo na kuandika kwa biki 1×2. Jina la dawa limerudiwa mgongoni mwa karatasi, lakini tarehe ya kuharibika na namba ya toleo mara nyingi zimepigwa mhuri upande mmoja tu, kwenye ukingo. Anayekatiwa katikati anakwenda nyumbani na dawa isiyo na umri. Siku hizi nasimama kaunta nasema, "Papa, nionyeshe ukingo." Naisoma tarehe, naiandika mwenyewe kwenye mfuko pamoja na jina la dawa na la anayeimeza. Na nikinunua karatasi nzima tunaanza kumeza kutoka upande usio na tarehe, ule wenye tarehe ukae mpaka mwisho.

Jumapili jioni nahesabu. Inachukua dakika kumi. Lile swali la daktari, ngapi, sasa nina jibu lake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko.

Yako mengine ambayo sikuwa nayajua. Siro ya amoksisilini ya unga, ukishaikoroga na maji, siku zake zinahesabika, mara nyingi ni 7. Sisi tulikuwa tunampa mtoto akipona tunaweka nusu chupa, halafu jirani akija na mtoto mwenye homa tunamgawia, na tukauita huo ujirani mwema. Sasa nikiombwa dawa iliyobaki nakataa, na inaniuma kukataa, kwa hiyo huwa namsindikiza huyo mama mpaka kituo cha afya. Parasetamoli nayo niliiona kama maji, kumbe mtoto aliyeizidisha anaweza kucheza siku nzima huku ini linaharibika kimyakimya, na ipo dawa ya kuliokoa lakini inataka kuwahiwa katika saa chache za mwanzo. Asionekane mzima mkalala. Na zhaveli, dawa ya kung'arisha nguo, ile tunayopimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, niliiondoa siku hiyohiyo. Sasa iko kwenye bido lake, yaani dumu dogo lenye kamba nyekundu, nje, juu. Aliyeinywa hatapishwi, hata akiwa macho, kwa sababu inaunguza inaposhuka na inapopanda.

Za kutupa zilinisumbua. Ardhi yetu ni mwamba, choo kinachimbwa kwa tindo na takataka zinakaa juu juu, watoto wanazichokonoa. Nilizoea kutupa kinini zilizoharibika huko. Muuguzi alinipokea kopo lote, kilima kile chote, akalipeleka wanakochomea vitu vya hospitali. Kopo lenyewe nililitoboa nikapanda kitunguu.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, tulikaa siku kadhaa chini ya vitanda. Umeme ulikatika, maji yakakatika, farmasi zote zimefungwa. Sanduku lilikuwa nasi sakafuni, kamba yake imezungushwa mkononi mwa mume wangu. Dawa za Koko zilikuwa za wiki tatu mbele, kila moja kwenye karatasi yake. Siku ya pili risasi zilipotulia kidogo, yule mzee wa ng'ambo aligonga ubao. Friji yake ilikuwa imekufa na alikuwa na chupa mbili za insulini, moja ameifungua, moja bado. Alidhani zote zimekwisha haribika. Safari hii mimi ndiye niliyejua. Iliyofunguliwa inakaa nje wiki nne bila friji mradi chumba hakizidi nyuzi 30 na jua haliioni. Isiyofunguliwa ndiyo inayotaka baridi, nyuzi 2 mpaka 8, wala isigande kamwe, maana iliyoganda ni ya kutupa. Nilikuwa nimesoma kwamba Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha 2021 utafiti uliohusu kambi ya Dagahaley, Kenya, ukaonyesha insulini ikivumilia wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Goma haifiki huko. Ili kuzipoza tulichukua chungu kikubwa, tukatia mchanga, tukalowesha kwa maji kidogo tuliyokuwa nayo, tukaweka chungu kidogo ndani yake na chupa zake zikiwa zimefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Alikaa nasi mpaka jioni akichungulia kila baada ya muda kama mtu aliyeatamisha mayai.

Yule mtoto sasa anasoma. Herufi bado zinamtoa jasho, lakini asubuhi, Koko akifungua sanduku kwa ufunguo wa rozari, yeye husimama kando yake mikono nyuma, ndiyo sharti, na Koko humgeuzia mgongo wa pakiti. "A, m," anaanza. "Am-lo. Am-lo-di." Koko anangoja, kidole chake kiko juu ya mafundo mawili. "Pi-ni," anamalizia mtoto, na Koko anabonyeza moja.